Pampu ya mafuta ndani ya tangi: kazi ngumu ni kuizima

Nimekuwa kimya kwa muda kwa sababu wikendi zangu zimekuwa zikiishia Kitui, chini ya gari. Leo basi sitaandika kuhusu programu. Nitaandika kuhusu pampu ya petroli, ile ya umeme inayokaa ndani ya tangi, na jinsi tulivyoifunga kwenye gari ambalo mjomba wangu alijitengenezea mwenyewe. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya kodi na seva msiondoke. Mkifika katikati mtaona kwamba ni mambo yaleyale, tofauti ni kwamba hapa ukikosea kuna moto.

Kwanza gari lenyewe. Ng'ambo kuna watu wanaonunua gari likiwa vipande na kuliunganisha nyumbani. Uingereza walikuwa na Lotus Seven, iliyoanza kuuzwa mwaka 1957, na Marekani Bruce Meyers alitengeneza Meyers Manx mwaka 1964, bodi ya faibaglasi inayokaa juu ya sakafu ya Volkswagen. Unaletewa sanduku, unafuata maelekezo. Kwetu hakuna sanduku. Sanduku letu ni Corolla iliyogongwa, vyuma vya mraba vile vya kutengenezea mageti, na fundi mwenye subira.

Mjomba ana subira hiyo. Alikuwa fundi wa magari kwa zaidi ya miaka 30, na alipopunguza kazi akaanza kuchomelea fremu nyuma ya nyumba. Anapenda sana kutukumbusha kwamba mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na kwamba yalipatikana magari matano ya Nyayo Pioneer yaliyoweza kukimbia kilomita 120 kwa saa. Hayakufika sokoni, lakini kwa mjomba hilo si neno. Neno ni kwamba yalitembea.

La kwake nalo linatembea. Lina viti viwili. Injini, gia na ekseli vilivyokuwa mbele ya Corolla amevihamishia nyuma ya viti, kwa hiyo yanayosukuma ni magurudumu ya nyuma. Tangi liko kati ya viti na injini. Kumbukeni hapo: kati ya mgongo wa abiria na petroli kuna bamba moja la chuma lenye unene wa milimita 2.

Mwanzoni gari lilikuwa na injini ya Toyota 5A-F, ya kabureta, sentimita za ujazo 1498. Injini ya namna hiyo haina shida ya pampu. Pampu yake imefungwa ubavuni, inasukumwa na kemshafti, na kabureta inahitaji presha ndogo tu, karibu robo ya ba. Injini ikizunguka, mafuta yanakuja. Injini ikisimama, mafuta yanasimama. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ajili ya usalama. Ndivyo chuma kilivyounganishwa.

Injini hiyo ilipoanza kula oili, mjomba alinunua 5A-FE, dada yake wa injekta, pamoja na kompyuta yake na furushi zima la nyaya. Injini hizi mbili zinafanana kiasi kwamba mahali pa kufungia hapakubadilika. Kilichobadilika ni mafuta. Injekta za 5A-FE zinataka presha ya ba 2.7 hadi 3 hivi, zaidi ya mara kumi ya kabureta. Pampu ya kemshafti haiwezi. Lazima umeme.

Mjomba akanunua pampu ya umeme ya kufungwa nje, akaikaza kwenye fremu, sentimita 30 hivi juu ya sakafu ya tangi na si mbali na bomba la moshi. Mjini Kitui gari lilienda vizuri. Kisha yeye na binamu yangu wakaamua kwenda Makindu kumwona nyanya yetu, susu kama tunavyomwita Ukambani. Njia ni ile ya Kitui, Mutomo, Ikutha hadi Kibwezi, ambayo siku hizi ina lami. Unashuka, unashuka, unavuka mto Athi na kuingia Makueni, kisha unaanza kupanda. Ilikuwa saa nane mchana. Wakiwa kwenye kupanda, pampu ilianza kulia kama nyuki ndani ya chupa, injini ikakohoa, ikazima. Walikaa kivulini dakika 40. Ikawaka. Kilomita chache mbele, hadithi ikawa ileile.

Mjomba aliporudi alinipigia simu. Hakutaka ushauri wa pampu, alitaka nimsomee mchoro wa nyaya za Toyota, kwa sababu una herufi ndogo na macho yake yamechoka. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii.

Kwa nini pampu ya nje ilishindwa

Si kwamba pampu ilikuwa mbovu. Pampu hizi ni hodari kwa kusukuma na dhaifu kwa kuvuta. Ukiiweka juu ya tangi unailazimisha kuvuta, na unapovuta kimiminika unapunguza presha yake. Petroli ni kimiminika kinachotafuta kisingizio cha kuchemka.

Hebu tupige hesabu. Pwani, presha ya hewa ni kilopaskali 101. Kwenye mwinuko wa mita 1,100, ambao ni karibu na ule wa mji wa Kitui, ni kama 89. Petroli nyingi ikiwa na joto la nyuzi 38 ina presha ya mvuke ya kilopaskali 50 hadi 70. Pengo hilo ndilo linaloizuia isichemke. Sasa ipeleke petroli hiyo kwenye mpira unaopita karibu na bomba la moshi, ifike nyuzi 50, na presha ya mvuke wake inakaribia presha ya hewa yenyewe. Kuinyanyua sentimita 30 kunapunguza kilopaskali 2 hivi. Filta yenye vumbi inapunguza nyingine. Pengo limekwisha. Petroli inachemka ndani ya mpira kabla haijafika kwenye pampu, pampu inameza mapovu, na mapovu hayasukumiki. Ile sauti ya nyuki ilikuwa hiyo. Wateremkapo kwenye Athi kuna ahueni kidogo ya presha ya hewa, lakini joto la bonde linaimaliza yote.

Ukiizamisha pampu ndani ya tangi, mambo matatu yanatengemaa kwa pamoja. Haivuti tena, kwa sababu petroli inaiangukia yenyewe. Inapozwa na petroli iliyoizunguka na inayopita ndani ya mota. Na mpira wote unaopita karibu na joto sasa uko upande wa presha, ambako petroli ya ba 3 haichemki kirahisi. Bosch walipoanza kuuza mfumo wao wa injekta za umeme uitwao D-Jetronic mwaka 1967, pampu ilikuwa ya nje. Miaka iliyofuata, kampuni moja baada ya nyingine iliihamishia ndani ya tangi. Sasa mnajua kwa nini.

"Na mota ya umeme ndani ya petroli haitalipuka?"

Hili ni swali la binamu yangu, na nadhani ni la kila mtu anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza. Ndani ya pampu kuna brashi zinazotoa cheche. Hata hivyo mvuke wa petroli hauwaki kwa cheche tu. Unahitaji hewa kwa kipimo: mvuke uwe kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya mchanganyiko. Chini ya hapo ni mwepesi mno, juu ya hapo ni mzito mno. Ndani ya tangi lenye petroli, kwa joto letu, mvuke umejaa kupita kiwango hicho kwa mbali. Cheche haina hewa ya kutosha ya kufanyia kazi.

Hatari iko kwenye tangi lililokauka, lenye mabaki ya mvuke na hewa nyingi. Ndiyo maana tulikubaliana tangu mwanzo kwamba tangi la zamani halitaguswa na moto wala msasa wa umeme. Kulikata ili kutoboa mlango wa pampu kungekuwa rahisi kuliko kutengeneza jipya, na watu wamekufa kwa urahisi huo. Tulitengeneza jipya, na kila tundu lilikatwa na kila mshono ukachomelewa kabla tone la petroli halijaingia.

Tangi na vilivyomo

Kwa wanaotaka kujaribu, haya ndiyo tuliyofanya.

Tangi ni la bamba la chuma la milimita 1.5, lita 40. Ndani kuna kuta mbili zenye matundu ili mafuta yasiyumbe yote kwa pamoja kwenye kona. Katikati, chini kabisa, mjomba alichomelea bakuli la chuma lisilo na kifuniko, lenye tundu dogo chini. Pampu inakaa humo. Mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini yanamwagikia ndani ya bakuli hilohilo, kwa hiyo hata tangi likiwa na lita 5 na gari likiwa limeinamia nyuma, pampu bado iko majini.

Pampu na kishikilio chake vilitoka kwenye tangi la Corolla ileile iliyotoa injini. Juu ya tangi tulichomelea pete nene yenye bolti, kisha gasketi ya mpira usiodhurika na petroli, kisha kifuniko cha Toyota. Kichujio cha chini, ile soksi, tulinunua kipya. Cha zamani kilikuwa na mchanga wa miaka mingi.

Mpira mfupi unaounganisha pampu na kifuniko ndio uliotusumbua. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kustahimili petroli kwa ndani. Ganda lake la nje halikukusudiwa kuogelea. Ukiuzamisha unavimba, unalainika, na siku moja unapasuka ndani ya tangi ambako huuoni. Unaotakiwa ni ule ulioandikwa SAE 30R10. Nilizunguka Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, Jumamosi nzima kuutafuta. Kipande cha sentimita 20 kilinigharimu zaidi ya mita 3 za ule wa kawaida. Mjomba alikitazama, akakigeuza, akaniuliza kama kina dhahabu ndani.

Waya pia una hesabu yake. Pampu inakula ampea 5 hivi. Kutoka betri hadi pampu na kurudi ni mita 8. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 ungepoteza karibu volti 0.9 njiani, na pampu inayopungukiwa volti inapungukiwa presha. Wa milimita za mraba 2.5 unapoteza 0.3. Tukatumia huo, na fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri.

Pumuo la tangi lina vali yenye gololi inayojifunga gari likipinduka. Bila pumuo tangi lingebonyea kadiri mafuta yanavyotoka. Bila gololi, gari lililolala chali lingemwaga mafuta kupitia pumuo hilohilo.

Injini ya farasi 100 hivi ikikazwa mpaka mwisho inakunywa kama lita 31 za petroli kwa saa. Tulipima pampu kwa kuweka mpira wa kurudishia mafuta kwenye dumu lenye alama: mililita 410 kwa sekunde 15, presha ikiwa ya kawaida. Hiyo ni lita 98 kwa saa. Mara tatu ya mahitaji. Tukafurahi.

Namba ileile ukiitazama vizuri

Hapa ndipo mimi na mjomba tulipopishana.

Yeye alikuwa ameshaunganisha waya wa pampu kwenye ufunguo. Ukiwasha ufunguo, pampu inazunguka. Nilipofungua mchoro wa Toyota niliona kwamba wao hawakufanya hivyo. Kati ya ufunguo na pampu kuna rilei, na rilei hiyo inashikiliwa na kompyuta ya injini. Nayo kompyuta haiishikilii kwa sababu ufunguo umewashwa. Inaishikilia kwa sababu inapokea ishara kutoka kwenye distribyuta kwamba injini inazunguka. Ishara ikikatika, baada ya sekunde 2 hivi rilei inaachia na pampu inanyamaza.

Wanaoandika programu wameshatambua. Ni mapigo ya moyo. Kwenye seva zetu tunaandika kitu kinachotakiwa kusema "niko hai" kila baada ya muda, na mlinzi wake akisikia kimya anafunga kila kitu. Hatumuulizi kama ni mzima, tunamtaka athibitishe bila kuulizwa. Toyota walikuwa wamefanya jambo hilo kwa sumaku na koili.

Nikamwambia, "Mjomba, hii rilei tuirudishe."

Akasema, "Mwanangu, kila kitu unachoongeza ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Rilei ikifa usiku huko mbele ya Mutomo, utakuja kunichukua na kompyuta yako?"

Sikuona namna ya kulipuuza hilo. Mtu aliyefungua magari ya watu kando ya barabara kwa miaka 30 anajua kinachokwamisha gari: waya uliolegea, rilei iliyoungua, mguso uliopata kutu. Kwenye kazi yangu kitu kikizima kwa tahadhari tu, mtu anaamka saa tisa usiku, anabonyeza, analala tena. Kwenye njia ya Ikutha, gari likizima kwa tahadhari tu unalala hapo. Kila ulinzi una bei, na bei hiyo analipa aliye njiani.

Kwa hiyo sikubishana. Nilimwomba tufanye jaribio moja. Tukaweka tena mpira wa kurudishia mafuta kwenye dumu. Injini imezimwa, baridi. Nikawasha ufunguo na waya wake ukiwa vilevile alivyouunganisha. Tukasimama tukitazama. Baada ya nusu dakika kulikuwa na mililita 800 hivi kwenye dumu. Baada ya dakika moja, zaidi ya lita moja na nusu. Pampu haikujua kwamba injini haizunguki. Ingeendelea mpaka tangi likauke.

Ile namba tuliyoifurahia, mara tatu ya mahitaji, ilikuwa ndiyo hii. Gari likigongwa, mpira ukapasuka, injini ikazima na dereva akawa amezirai, ufunguo bado umewashwa. Lita moja na nusu ya petroli kila dakika, kwa presha ya ba 3, juu ya injini ya moto na bomba la moshi. Na kiti cha abiria kiko upande wa pili wa bamba la milimita 2.

Kiti hicho mjomba amekiahidi kwa susu. Ana zaidi ya miaka 80, na amekuwa akiuliza tangu fremu ilipoanza ni lini atapanda gari la mwanawe. Hatukulitaja jina lake pale. Mjomba alilitazama dumu, akazima ufunguo, akasema, "Ile pampu yangu ya kwanza ilikuwa inajua kunyamaza." Kisha akaenda kutafuta koleo.

Huo ndio ufupi wa mambo yote haya. Unapotoka kwenye pampu ya kemshafti kwenda kwenye pampu ya umeme, unapata nguvu na unapoteza kitu ambacho hukujua unacho. Zamani kusimama kulikuja bure. Sasa kusimama ni sehemu ya mashine ambayo lazima mtu aiunde, na asipoiunda, gari halitamwambia kwamba haipo. Litawaka kila asubuhi, litakwenda Makindu na kurudi, na kila mtu atasema kazi ni nzuri.

Tulivyopatana

Tulirudisha rilei ya Toyota kama ilivyo kwenye mchoro. Kwa ajili ya hofu ya mjomba, ambayo ni ya haki, tulinunua mbili. Ya akiba iko kwenye mfuko chini ya dashibodi, na rilei zote mbili zilijaribiwa. Tuliiweka mahali pa kufikika kwa mkono bila kufungua skrubu hata moja. Pia kwenye soketi ya ukaguzi ya Toyota za miaka hiyo kuna vitundu viwili, +B na FP. Ukiviunganisha kwa kipande cha waya na ufunguo ukiwa umewashwa, pampu inazunguka bila kuuliza mtu. Hiyo ni ya kutafutia ubovu, ukiwa umesimama, macho yakiwa wazi. Mjomba aliridhika kujua ipo. Kipande chenyewe cha waya kina kitambaa chekundu, ili asitokee mtu wa kukisahau humo.

Tukaongeza swichi ya mgongano kutoka kwenye Land Rover Freelander iliyokuwa ikiuzwa vipande. Ndani yake kuna gololi ya chuma iliyoshikwa na sumaku. Pigo kali linaing'oa gololi, inagonga kisahani, umeme wa pampu unakatika, na kitufe juu kinachomoza. Ukishakagua kwamba hakuna kinachovuja, unakibonyeza kinarudi. Hii inafunika pengo ambalo rilei inaliacha: gari limegongwa lakini injini bado inazunguka. Tuliikaza kwenye fremu yenyewe, si kwenye bamba jembamba linalotetemeka. Hofu yetu ilikuwa mashimo, kwa hiyo tuliipitisha kwenye barabara ya vumbi mchana kutwa. Haikuchomoza.

Kisha majaribio. Naandika orodha kwa sababu kwenye majaribio ndiko watu wanakoharakisha:

1. Ufunguo umewashwa, stata haijapigwa: pampu iwe kimya.
2. Injini ikinguruma, chomoa plagi ya distribyuta: injini izime na pampu inyamaze ndani ya sekunde chache. Tuliweka balbu ndogo kwenye waya wa pampu ili tuone badala ya kusikiliza.
3. Gonga swichi ya mgongano: pampu ikatike, na isirudi mpaka kitufe kibonyezwe.
4. Geji ya presha: ba 2.8 mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa. Zima injini. Baada ya dakika 5 kitabu cha Toyota kinataka isiwe chini ya kilopaskali 147. Yetu ilikuwa juu ya hapo.
5. Lita 5 tangini, gari likiwa kwenye mwinuko, injini ikinguruma robo saa.
6. Tangi limejaa, usiku kucha, kadibodi kavu chini yake. Asubuhi kadibodi iwe kavu.

Jaribio la 2 tulilirudia mara tatu, kila mara na mtu tofauti akichomoa. La 6 lilishindwa mara ya kwanza: doa moja, ukubwa wa shilingi, kutoka kwenye klampu ya mpira wa nje. Tukabadilisha klampu za kawaida kwa zile zisizokata mpira, tukalala tena. Asubuhi kavu.

Mjomba aliweka sharti moja ambalo mimi sikulifikiria. Alisema abiria hatapanda mpaka gari limekwenda Kibwezi na kurudi mara mbili saa za jua kali, dereva peke yake, na chombo cha kuzimia moto miguuni. Binamu yangu alienda mara ya kwanza, mjomba mara ya pili. Saa nane mchana, bondeni Athi, kisha kupanda. Pampu haikulia. Binamu alisema alichokikosa ni ile harufu ya petroli ambayo alishaizoea kiasi cha kudhani ni ya gari.

Susu amepanda. Alitoka Makindu mpaka Kibwezi sokoni na kurudi, akiwa ameshika kichwani kitambaa chake kwa mkono mmoja. Alilalamika kuhusu kiti.

Kazi nzima ilichukua wikendi tano. Kufunga pampu ndani ya tangi kulichukua mbili, na kutafuta mpira moja. Zilizobaki mbili zilikwenda kwenye kuhakikisha kwamba inajua kunyamaza, na ukiulizwa gari limebadilika nini, hizo mbili huzioni popote. Kama kuna msomaji anayejenga gari lake, au aliyebadilishiwa injini ya kabureta akawekewa ya injekta gereji, fanya jaribio la 1 leo. Washa ufunguo bila kupiga stata, nyamaza, usikilize nyuma. Ukisikia mlio usiokoma, mpigie fundi wako kabla hujasafiri.

Geji ya mafuta bado haifanyi kazi. Mjomba anapima kwa kijiti. Hiyo ndiyo kazi ya mwezi ujao. Kwa leo niishie hapa.